Hivi neno OPERA maana yake hasa ni nini na limetokea wapi?

Mdadisi_Mtulivu
Wakuu habari zenu. Mimi opera niliyoijua tangu nashika simu ni ile brauza yenye herufi O nyekundu, basi, sikuwahi kujiuliza zaidi. Sasa jana naangalia filamu jamaa kapiga suti anamwambia mkewe leo twende opera, wakafika ni jumba la haja na jukwaani mama mmoja anaimba dakika kumi nzima wakati mumewe anakata roho pembeni, nikabaki najiuliza opera ni hilo jumba, ni huo muziki au ni kuimba kwa kupandisha sauti? Nikaingia kutafuta nakuta mtu kaandika ni Kilatini, wingi wa opus. Wingi wa nini tena jamani? Wajuzi nisaidieni, na asije mtu hapa akanijibu "kagugo" maana huko ndo nimetoka.

KinandaCheusi
Mkuu usijichoshe, opera ni Kitaliano na maana yake ni KAZI. Ndo hivyo tu, hakuna kuimba wala jumba ndani ya hilo neno. Walikuwa wanasema opera in musica, yaani kazi iliyotiwa muziki, mkia ukadondoka ikabaki opera. Hata sisi msanii akitoa wimbo tunasema katoa kazi mpya na wote tunaelewana, hatumaanishi kaenda kulima. Mpaka leo kibarua wa kiwandani kwa Kitaliano anaitwa operaio, na nguvukazi ni manodopera.
Kuhusu ulichokiona, ni tamthilia ambayo maneno yake yanaimbwa, yote au karibu yote, na okestra, yaani kundi kubwa la wapiga ala, inapiga chini ya jukwaa. Mtu anayetaka kumwambia mwenzie "nipe hiyo barua" anaiimba. Jumba linaitwa opera kwa kufupisha tu.

Mwanagenzi_wa_Lugha
Nimkazie KinandaCheusi ila hapo kwenye wingi pana utamu kidogo. Kilatini kina opus, kazi iliyokwisha kufanyika, na wingi wake kweli ni opera. Ila kina pia opera nyingine ambayo ni umoja, maana yake juhudi au kujituma, na Kitaliano kimerithi hiyo ya umoja, ndo maana wao wakitaka wingi wanasema opere. Kwa hiyo aliyekwambia ni wingi wa opus hajakudanganya, kakata kona tu, maneno yenyewe ni ya ukoo mmoja. Na wingi kugeuka umoja si ajabu, data na ajenda nazo kwa Kilatini ni wingi na hakuna anayekumbuka. Halafu operesheni ya daktari nayo ni humohumo, inatoka kwenye kitenzi operari, kufanya kazi.

Mzee_wa_Kumbukumbu
Vijana mmesema vizuri ila walioanzisha huo muziki wala hawakuuita opera. Ilikuwa mji wa Firenze huko Italia, mwishoni mwa karne ya 16, wasomi na wanamuziki walikuwa wanakutana nyumbani kwa Giovanni de' Bardi, wanaamini kwamba Wagiriki wa kale walikuwa wanaimba tamthilia zao, nao wakataka kuurudisha huo mtindo. Jacopo Peri akatunga Dafne, ikachezwa 1598, muziki wake mwingi umepotea. Mwaka 1600 akatoa Euridice kwenye sherehe za harusi ya Maria de' Medici na mfalme Henri IV wa Ufaransa, na bwana harusi mwenyewe hakuwepo, kaolewa mtu kwa mwakilishi! Hiyo ndo ya zamani kuliko zote ambayo muziki wake tunao mzima. Mtunzi mwingine, Monteverdi, naye 1607 kule Mantova, mji mwingine wa Italia, akaiita Orfeo yake favola in musica, hadithi kwa muziki. Jina opera limekuja kushika baadaye ndani ya karne hiyohiyo ya 17, na 1637 mjini Venezia, Italia hukohuko, wakafungua ukumbi wa San Cassiano ambao mtu yeyote mwenye hela ya tiketi anaingia, kabla ya hapo ilikuwa mambo ya wakubwa majumbani mwao.

Mdadisi_Mtulivu
Aisee kumbe upasuaji na yule mama wa jukwaani ni ndugu 😂 Sasa zile tamthilia ndefu zisizoisha, Wamarekani wanaziita opera za sabuni, nazo zinaimbwa wapi?

KinandaCheusi
Haziimbwi popote, hilo lilikuwa jina la kejeli. Miaka ya 1930 redio za Marekani zilikuwa na michezo ya kuigiza ya mchana ya kuliza kinamama, na waliokuwa wanailipia ni makampuni ya sabuni, wakichomeka matangazo yao. Vilio kama vya opera, hela ya sabuni.
Halafu ukirudia ile filamu muangalie vizuri yule mama. Kwenye opera za kweli kwa kawaida anaimba bila maiki na sauti inapita juu ya okestra nzima mpaka siti ya mwisho.

Mdadisi_Mtulivu
Bila maiki?? Basi hiyo kweli ni kazi, wameiita sawasawa.