Naomba ushauri: tope jeusi la Kyela na bakteria wa chini ya bahari

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tukuyu. Kidato cha tatu wamenibana: nimewaambia kuna bakteria hai kwenye tope la kale chini ya sakafu ya bahari, hawakubali. "Mwalimu, wanakula nini na wanapumua nini?"

Chakula nimewaeleza. Chini ya Bahari ya Mediterania kuna matabaka meusi yaitwayo sapropeli, yaliyojaa mabaki ya viumbe. La mwisho lilijitandaza kati ya miaka 10,000 na 6,000 hivi iliyopita, na mengine ni ya zamani zaidi, hadi mamilioni ya miaka. Mwaka 1995 meli ya utafiti ilichoronga huko, na bakteria wakakutwa wengi zaidi ndani ya matabaka hayo kuliko kwenye tope jeupejeupe la juu na chini yake. Badala ya oksijeni wengine hutumia salfeti (chumvichumvi yenye salfa) na kutoa gesi yenye ile harufu ya yai viza.

Sasa nataka waone wenyewe. Nina tope la majaruba ya mpunga Kyela, linanuka hasa (dereva wa kosta nusura anishushe). Nafikiria kulitia kwenye chupa ya plastiki na maji kidogo, karatasi iliyochanwachanwa na kiini cha yai, kisha niweke dirishani. Kwa baridi yetu hii, bakteria si watachelewa mno kukua? Kifuniko nikikaze au nikilegeze, maana ile gesi ni sumu na darasa limejaa?

Halafu kuna swali lililonishinda kabisa: watafiti wanahakikishaje kwamba bakteria hao ni wa humo humo, si walioingia na maji ya kuchorongea?