MREJESHO: Nyumba ya kupanga Goba, tumeshahamia

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: nahamisha mke na watoto wawili kutoka Sinza kwenda Goba, hapa hapa Dar, dalali anataka kodi ya miezi sita pamoja na ya kwake ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba sijamwona kwa macho. Asanteni sana kwa mlionijibu, mmeniokoa.

Ushauri wa kuhakiki jina la mwenye nyumba kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ndio ulionisaidia zaidi. Kabla ya kutoa hata senti, nilinunua umeme wa shilingi 2,000 kwa namba ya mita ya nyumba ile, na ujumbe ukarudi na jina la mwenye mita. Dalali alikuwa amenitajia jina jingine kabisa! Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe akanipeleka kwa mwenye nyumba halisi, mama mmoja mtu mzima, mstaarabu sana. Mkataba tumesainia palepale ofisini.

Kupunguza kodi iwe ya miezi mitatu mitatu nimeshindwa, mama kakataa katakata. Nimelipa sita.

Kwenye maji nilikosea. Mliniambia niwaulize majirani, nami nikaridhika kuona bomba linatoka siku niliyokwenda. Kumbe yanatoka mara mbili kwa wiki, usiku. Nimenunua simtanki la lita 1,000, sasa tunaenda vizuri.

Watoto wana uwanja wa kuchezea, jioni inabidi niwaite mara tatu ndipo waingie ndani. Mungu awabariki.