Kuingia zimamoto: kujitolea kwanza, kusomea huduma ya dharura, au kuomba moja kwa moja?

MsakaKituo: Wadau habari. Nataka ajira kwenye kikosi cha zimamoto cha manispaa. Naona njia tatu: kujitolea kituoni kwanza, kusomea huduma ya dharura kwa wagonjwa ndipo niombe, au kutuma maombi moja kwa moja. Ipi ina nafuu?

NgaziNdefu: Ya moja kwa moja ina gharama ndogo, maana vikosi vingi hukufundisha huku vikikulipa. Ila foleni ni ndefu, na wengi hukatwa kwenye mtihani wa nguvu. Watu hujiandaa kwa kukimbia kilomita nyingi, kumbe vinavyochoka kwanza ni viganja na mapaja. Angalia CPAT, mtihani wa nguvu unaotumika Marekani na Canada: vituo 8 vya majaribio kwa dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao cha pauni 50 (kilo 22 na ushee), na kukimbia kati ya vituo ni marufuku. Kituo cha kwanza ni mashine ya kupanda ngazi kwa dakika 3, hapo unaongezewa pauni 25 mabegani. Ukishuka kabla ya muda, basi. Ukimaliza, unakwenda kuvuta mpira wa maji miguu ikiwa inatetemeka. Sanamu ya majeruhi, kilo 75 hivi, inakusubiri kituo cha 7, mikono imeshakwisha nguvu. Mazoezi yawe hivyohivyo: panda ngazi na mzigo, kisha bila kukaa vuta kitu kizito kwa kamba. Vaa glavu, kwa sababu zinapunguza nguvu ya kushika.

Mtungi300: Mimi naipa alama njia ya kujitolea, kwa sababu moja: inakuonyesha mapema kama barakoa ya kupumulia hewa ya mtungi unaiweza. Wapo wenye misuli ambao wakifunikwa uso gizani wanaanza kuhema ovyo, na hewa inakwisha. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 una lita kama 2,000 za hewa. Ukivuta lita 40 kwa dakika ni dakika 50 kwenye karatasi. Kazi ngumu hupandisha matumizi hadi 60 au zaidi, na akiba ya kutokea lazima uiache. Ndevu pia nyoa, hewa huvuja ukingoni mwa barakoa.

Kabla hujajiandikisha, uliza kituo kina mashine ya kufulia nguo za kuzimia moto na seti ya pili ya kubadilisha. Tangu 2022 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kazi ya zimamoto kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Kituo kinachojivunia makoti yenye masizi kikimbie.

Kingora: Mtungi300, sawa, lakini anayejitolea hubeba pia mazoea mabaya ya kituo chake, na wakufunzi hupata kazi ya kumfundisha upya. Kwenye vikosi vinavyopokea pia simu za wagonjwa, simu hizo mara nyingi huwa nyingi kuliko za moto, kwa hiyo cheti cha huduma ya dharura kina thamani. Shida ni watu kulipa ada kabla ya kuuliza. Hakikisha cheti kinatambuliwa na mamlaka inayosajili wahudumu eneo lile, na muda wake hautaisha ukiwa bado kwenye foleni.

MsakaKituo: Na zimamoto ya uwanja wa ndege je?

Kingora: Kazi tofauti kidogo. Lengo la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kufika popote kwenye njia ya kurukia inayotumika ndani ya dakika 2, zisizidi 3. Kwa hiyo ni magari makubwa, povu na mazoezi mengi, matukio machache. Anayetaka kuzima nyumba atachoka kusubiri.

NgaziNdefu: MsakaKituo, anza na tangazo la kikosi unachokitaka: umri, macho, leseni ya udereva. Kama linatoa alama kwa cheti cha dharura, kasome. Kama halitoi, omba sasa na ujitolee huku ukisubiri. Kipimo cha macho kafanye kwanza, kabla ya ada yoyote.