Tupeane uzoefu: ndege wanaokuja uani kwako, umeona nini kwao?

Karai la Maji (mtoa mada)

Habari za wakati huu wakuu. Leo naomba tupeane uzoefu wa ndege. Sisemi wa kufuga, nasema hawa wanaokuja wenyewe uani, wanakula, wanakunywa, wanaondoka wanapotaka. Kama unawawekea chakula, au unakaa tu kuwatazama, njoo utusimulie: ulianzaje, umeona nini, umekosea wapi.

Nianze mimi. Nilivunjika mguu nikakaa wiki nane kwenye kiti kando ya mlango wa nyuma. Siku za mwanzo nilichoona ni ndege tu, wote sawa. Kufika wiki ya tatu nilikuwa namjua shomoro dume mwenye doa jeusi kubwa kooni, ambaye akitua wenzake wanampisha, na jike mmoja mwenye ukucha uliopinda ambaye hula pembeni na kuondoka wa mwisho. Raha yenyewe ndiyo hiyo, na sikuitegemea: ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha, kundi linakugeukia kuwa huyu na yule.

Kingine ni namna wanavyokunywa. Shomoro huchota tone, huinua kichwa ili literemke kooni, kisha huinama tena. Hua hafanyi hivyo. Anatumbukiza mdomo na kuvuta mfululizo kama mtu anayenywa kwa mrija, hainui kichwa mpaka atosheke. Njiwa naye ni vivyo hivyo. Nimeishi na hua tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipolazimishwa kukaa.

Ndiyo Kwanza

Asante kwa uzi huu. Mimi nimeweka kisahani cha mtama juu ya ukuta, leo siku ya nne, hajaja hata mmoja. Nakosea wapi?

Karai la Maji

Huenda ni mahali tu. Juu ya ukuta ni peupe mno, ndege anamhofia mwewe. Sogeza karibu na mti au kichaka, kama hatua tatu hivi: awe na pa kukimbilia, lakini paka asipate pa kumvizia. Ongeza na maji. Anayekula wadudu hana haja na mtama wako, lakini kiu anayo kama wengine. Kina kisizidi vidole viwili, na weka jiwe katikati la kusimamia. Kisha subiri. Wa kwanza akishatua, wengine wanamwona.

Binti wa Mzee

Nami nichangie, ingawa habari hii ni ya baba zaidi kuliko yangu.

Miaka miwili ya mwisho baba alikuwa amenisahau jina. Mara aniite kwa jina la dada yake, mara aniulize nimetoka kwa nani. Mchana kutwa anahangaika, anataka kurudi nyumbani, na hapo yuko nyumbani. Siku moja nikamwaga nafaka iliyobaki nje ya dirisha lake, bila kuwaza lolote. Wakaja. Baba akanyamaza. Akakaa pale akiwatazama, nadhani kwa saa nzima, mikono imetulia mapajani.

Kuanzia siku ile ikawa kazi yetu ya asubuhi. Namshika mkono tunatoka, ananyunyiza mwenyewe, tunarudi ndani tunakaa. Jina langu halikurudi, lakini nikimwamkia tu ananiuliza, "Wamekuja?" Kulikuwa na hua mmoja aliyepungukiwa manyoya mawili mkiani. Baba akampa jina, Mgeni. Mgeni asipoonekana, anamuulizia mpaka jioni. Mtu aliyesahau sura za wanawe alikuwa anamtambua hua kwa mkia. Wengine walidhani jambo hilo litaniumiza. Mimi nilifurahi kwamba bado kuna kitu kinakaa kichwani mwake na kumpa sababu ya kuamka.

Baba alifariki. Nafaka naendelea kuinyunyiza, dirishani palepale.

Kivuli cha Mti

Pole sana dada. Mungu ampumzishe mzee.

Mimi siwalishi, ninao mti tu, na minana wanausuka viota. Nimewatazama misimu mitatu. Dume ndiye anayejenga. Anachana majani marefu kuwa nyuzi, anafunga fundo la kwanza kwenye kijitawi, anasuka pete, halafu chumba. Akimaliza ananing'inia chini ya mlango, anapiga mabawa na kupaza sauti. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kwa mdomo, anatoka. Wakati mwingine anabaki. Mara nyingi anaondoka.

Kiota kinapokuwa kibichi kinavutia. Kikikaa siku kadhaa bila mwenyeji, majani yanakauka na kuwa ya kahawia, na hapo jike hakitazami tena. Basi dume anakibomoa mwenyewe, uzi baada ya uzi, anaanza kingine kwenye kijitawi kilekile. Nilihesabu mmoja aliyebomoa mara nne. Cha tano jike akaingia, akakaa, kesho yake akaonekana akibeba vitu laini vya kutandika ndani. Siku hiyo nilimpigia mke wangu simu kazini kumwambia.

Nafaka Kavu

Naomba niandike kosa langu ili lisimpate mwingine.

Nilikuwa na kilishio kikubwa cha mbao. Nilikuwa najaza juu bila kutoa ya chini, kwa sababu niliona kujaza ndio ukarimu. Mvua ikanyesha, chini kukaota ukungu, na kinyesi kikachanganyika na mbegu. Baada ya wiki nikaona ndege wawili wamejikunyata, manyoya yamefura, mbegu mdomoni hazimezeki. Nikiwakaribia hawaruki. Nikawakuta wamekufa, kisha wa tatu.

Nilipoanza kusoma ndipo nikaelewa. Kuna ugonjwa wa vimelea unaoitwa trikomonosi, unaoshambulia koo na kumzuia ndege kumeza. Unaenezwa na mate yanayobaki kwenye chakula na maji. Njiwa walikuwa nao tangu zamani. Uingereza ulionekana kwa ndege wadogo wala mbegu mwaka 2005, na aina moja ya kijani iliyokuwa ya kawaida kabisa bustanini ilipungua vibaya. Kule Marekani, mwaka 2021, bakteria wa salmonela walisambaa kwa ndege wa vilishio mpaka baadhi ya watu wakaugua.

Ninavyofanya sasa: naweka kiasi kinachoisha siku hiyohiyo. Maji nabadilisha kila siku. Vyombo naviosha kila wiki kwa maji ya moto na sabuni, kwa glavu, mbali na jikoni, na navianika mpaka vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Nikimwona hata mmoja aliyefura na kusinzia mchana, natoa kila kitu kwa wiki mbili ili watawanyike. Inauma kuona wanakuja na kukuta patupu. Lakini kuwakusanya kwenye sahani chafu ni kuwaua, na hilo nimelifanya kwa mikono yangu.

Asubuhi Mapema

Vipi mkate? Mimi ndio ninaowapa.

Nafaka Kavu

Mkate unajaza tumbo tu. Kidogo mara mojamoja hautamdhuru mkubwa, ila kinda akijazwa huo hakui vizuri, na ukiwa na ukungu ni hatari. Chochote chenye chumvi acha. Parachichi na chokoleti usiwape kabisa, vina sumu kwao. Mbegu za alizeti, mtama, ulezi, karanga zisizo na chumvi, matunda yaliyoiva: hivyo vinatosha.

Kofia Nyeusi

Nitawaambia kuhusu kunguru, maana naona hakuna anayewataja.

Kinda wao alidondoka uani. Nikamwinua, nikampandisha kwenye tawi la chini ili mbwa asimfikie. Dakika tano tu. Wazazi waliniona nimemshika, na kwao hiyo ilitosha. Mwezi mzima kila nikitoka wananipigia kelele na kunishukia kichwani. Kaka yangu tunaishi naye, tunafanana kwa umbo, anapita hawamgusi. Nikavaa kofia, wakanijua. Nikabadilisha mlango wa kutokea, wakanijua.

Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa kinyago cha sura fulani walipokuwa wakiwakamata kunguru na kuwafunga pete. Baadaye aliyepita na kinyago kile, hata akiwa mtu mwingine, alizomewa, na miaka ikapita bado anazomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Waliambizana.

Mimi niliwarudia kwa karanga. Kila asubuhi karanga tano, mahali palepale, naziweka waziwazi wakiniona kisha naondoka. Ilichukua muda mrefu. Sasa nikifungua mlango wanashuka ukutani na kunisubiri, na sauti wanayotoa ni nyingine, ya chini. Sijawahi kufurahia msamaha wa mtu yeyote kama nilivyoufurahia huo.

Dirisha Kubwa

Tafadhali msisahau vioo. Ndege haoni kioo, anaona miti na anga iliyo ndani yake. Makadirio ya watafiti ya mwaka 2014 kwa Marekani pekee ni ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 wanaokufa kwa kugonga majengo kila mwaka. Picha moja ya mwewe kwenye kioo haisaidii, wanapita pembeni yake. Mimi nimebandika vidoa vidogo upande wa nje, kila baada ya sentimita tano, kioo kizima. Ndani huvioni baada ya siku mbili.

Akigonga na kuzimia, muweke kwenye boksi lenye matundu, giza na kimya, usimlazimishe maji. Wa kwangu alikaa dakika arobaini. Nilipofunua aliruka moja kwa moja mpaka mtini, nikasikia moyo wangu unadunda kama wake.

Maua ya Mama

Mimi sina kilishio. Nilipanda maua yenye umbo la tarumbeta, marefu na mekundu, na chozi wakajileta. Manyoya ya dume hubadilika rangi akigeuka juani, sekunde hii kijani, ile nyingine zambarau, na akiingia kivulini ni mweusi tu.

Jike ndiye aliyenishika. Alikuwa anakuja kwenye kona ya dirisha la jikoni, anavuta utando wa buibui kwa mdomo na kuondoka nao. Ndio gundi ya kiota chake. Nilikuwa nafagia utando huo kila wiki. Nikaacha. Nikaacha na dawa ya wadudu, kwa sababu niligundua kwamba makinda wake anawalisha wadudu na buibui, si maji ya maua. Hata shomoro na minana wanaokula mbegu, wakiwa na makinda wanatafuta viwavi. Sasa jani likitobolewa na kiwavi naliacha.

Daftari

Niongeze jambo dogo. Mmoja wa ndege wangu alijifunza kuning'inia kichwa chini kwenye chupa ya mbegu. Wiki iliyofuata walikuwa watano wanaofanya hivyo. Nikakumbuka habari ya Swaythling, karibu na Southampton, Uingereza: mwaka 1921 ndege wadogo walionekana wakifungua chupa za maziwa zilizoachwa mlangoni na kunywa krimu ya juu. Kufikia 1949, watafiti Fisher na Hinde walipoandika makala yao, tabia hiyo ilikuwa imeenea mbali sana. Andikeni tarehe, wakuu. Mbayuwayu wameingia lini, nani wa kwanza asubuhi. Ukipenda kuchangia hesabu yako, kuna hesabu ya ndege ya kila Februari iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanza 1998, siku nne, unahitaji dakika kumi na tano tu uani kwako.

Ndiyo Kwanza

Nimerudi. Nilihamisha kisahani karibu na kichaka, nikaweka maji na jiwe kama ulivyosema. Siku sita kimya. Leo asubuhi nikiwa nimeshika chai ametua. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe jeupe, mdogo. Aligeuza kichwa mara nyingi sana kabla ya kushuka kwenye jiwe. Akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Mtama hakuugusa. Chai imepoa nikiwa nimesimama. Ni ndege gani huyo?

Karai la Maji

Hongera sana! Kama ameacha mtama, pengine ni mla wadudu. Mdomo wake mwembamba au mnene? Mkia aliutikisa alipotua? Kaa hapohapo kesho saa ileile, utuambie.