Idrisa haitiki akiitwa

Kikundi: Wana wa Chumbageni

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum wanangu. Rehema, tangu mwanao Idrisa aje kwangu namtazama. Namwita mpaka sauti inanikauka, hageuki. Nikifungua pakiti ya biskuti jikoni, huyoo mbio. Masikio anayo, anajifanya tu.

Sefu: Hata mimi niko hivyo shangazi 😂

Shangazi Mwanaidi: Sefu nyamaza.

Ba'mdogo Hamisi: Waalaykum salaam. Ni hizo simu. Mtoto anashindishwa na katuni tangu asubuhi, ataongea na nani?

Mwajuma: Bibi yuko hapa, anasema mwacheni mjukuu wake. Athumani naye alianza kusema akiwa na miaka minne, na leo hamumuwezi kwa maneno.

Zuhura: Shikamoo bibi, shikamooni wote. Shangazi, kabla hatujamtia mtoto kasoro, nikuulize. Akitaka kitu, anakionyesha kwa kidole?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwalimu. Kidole hapana. Ananishika mkono, ananivuta mpaka kwenye friji, anaubandika mlangoni. Usoni haniangalii kabisa. Kama vile mkono ni wa kwake.

Zuhura: Na akiona kitu cha kumfurahisha, pikipiki au paka, anakutazama ili na wewe ukione?

Shangazi Mwanaidi: Wapi! Furaha yake ni vifuniko vya soda. Anavipanga ukutani, vyekundu mbali, vya kijani mbali. Mwajuma kasogeza kimoja akifagia, tulilia humu ndani mpaka magharibi.

Zuhura: Basi mnisikilize, maana watoto wa namna hii ndio ninaoshinda nao darasani. Kuchelewa kusema peke yake kusingenitia wasiwasi sana. Mtoto aliyechelewa maneno tu huongea kwa mwili: anaonyesha kidole, anapunga mkono wa kwaheri, anakuletea gari lake ulione. Ninachokisikia kwa Idrisa ni kwamba hilo la kumshirikisha mtu halipo, na ana miaka miwili na nusu. Mtoto aliyepita mwaka mmoja asiitike jina lake, aliyefika mwaka na nusu asionyeshe kitu kwa kidole, au aliyekuwa na maneno yakapotea, huyo apelekwe hospitali, asingojewe. Sisemi ana usonji, ile hali ya ubongo kukua kwa njia tofauti, mtoto akapata shida kuwasiliana na kushirikiana na watu. Hilo haliamuliwi kwenye simu, wala si mimi wa kuliamua. Kwanza apimwe masikio. Anaweza kusikia pakiti ikichakarika na sauti ya mtu asiipate vizuri.

Ba'mdogo Hamisi: *Imesambazwa mara nyingi* WAZAZI SOMENI!!! Chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Daktari wa Uingereza alithibitisha, wakamziba mdomo. Mtumie kila mzazi unayempenda 🙏🙏

Zuhura: Ba'mdogo, kwa heshima zote, hiyo ifute. Daktari huyo ni Andrew Wakefield, aliandika mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu. Uchunguzi ukaonyesha amepotosha habari za watoto wenyewe. Mwaka 2010 jarida la Lancet likaifuta makala yake, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa na wasiochanjwa, hakuna tofauti ya usonji. Kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Na miezi 18 ndio umri ambao wazazi wengi huanza kuona mtoto hasemi. Vitu viwili vimekutana njiani, basi. Surua lakini inaua.

Ba'mdogo Hamisi: Sawa mwalimu. Nilitumiwa na jirani.

*Ba'mdogo Hamisi amefuta ujumbe*

Mwajuma: Bibi anauliza kama si kijicho. Kuna mzee Pongwe anapunga pepo.

Zuhura: Dua aombewe, hakuna anayekataa dua. Ila asifukizwe, asichanjwe chale, asifungiwe ndani watu wasimwone. Na atakayewauzia dawa ya kuponya usonji, mkimbieni.

Rehema: Nimewasoma wote. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Rehema: Alikuwa anasema "maji", "baba", "taa". Akaacha. Kuna kituo nilimpeleka, wakaniambia wavulana huchelewa, nirudi akitimiza mitatu. Mama mkwe anasema ni mimi, nilifanya sana kazi nikiwa na mimba. Halafu usiku anaimba tangazo zima la sabuni, neno kwa neno. Mtoto anaweza tangazo, maji hawezi kuyaomba. Mnielewe.

Zuhura: Mdogo wangu, si wewe. Zamani hata madaktari waliwahi kudai kina mama wa watoto hawa hawana upendo, nadharia hiyo ilishatupwa jalalani. Ubongo wenyewe hukua kwa njia yake tangu tumboni, na sehemu kubwa ni ya kurithi. Hilo tangazo lisikutie uchungu, wengi huanza kwa kurudia walichosikia, nasi tunajenga hapo hapo. Anapokuvuta kwenye friji, chuchumaa uso wako uwe mbele ya wake, sema "maji", neno moja tu, usubiri. Hata akikutupia jicho, mpe. Kila siku, kila safari ya friji. Kama ni usonji, hili ndilo litakalokuwa limeanza mapema. Kama si usonji, hujapoteza kitu.

Athumani: Kumbe nasemwa huku. Kurithi tena? 😅

Shangazi Mwanaidi: Wewe unayekula kwa bakuli lile lile tangu darasa la tatu, utaruka wapi.

Athumani: Bakuli liheshimiwe.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, kile kilio cha vifuniko. Nilitaka kumchapa.

Zuhura: Usimchape shangazi. Si jeuri, ameelemewa. Mpunguzie kelele, kaa karibu, maneno machache. Na kabla ya kumtoa kwenye vifuniko mwambie mapema, mwonyeshe na viatu ajue mnatoka.

Rehema: Sasa niende wapi?

Zuhura: Anza hospitali ya Bombo. Usiseme "hasemi", watakurudisha. Sema haitiki, haonyeshi kidole, na amepoteza maneno. Mrekodi video fupi akivuta mkono wa shangazi, daktari aone mwenyewe. Omba kipimo cha masikio, na rufaa ya Muhimbili kwa madaktari wa akili na makuzi ya watoto. Shule tutaongea baadaye, zipo zenye vitengo vya watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto kule Ilala, Dar.

Sefu: Jumatatu gari ninayo. Saa moja asubuhi niko mlangoni. Kadi ya bima ya mtoto unayo?

Rehema: Ninayo. Ila wameandika "Idirisa".

Sefu: Hiyo watakurudishia dirishani. Nitumie picha ya cheti cha kuzaliwa, leo hii nipite ofisini kwao kabla hawajafunga.