Betri mpya, chaja nzima, laptopu inasema "imechomekwa, haichaji". Haichaji kwa sababu gani?

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha. Kabla hamjaanza na "peleka kwa fundi", someni kwanza, maana fundi naye ataanza na haya haya niliyokwisha kuyafanya halafu atanidai hela.

Betri ya laptopu yangu ilivimba. Tachipadi ikaanza kuwa ngumu kubonyea, baadaye kava la chini likapinda, nikajua tayari. Nikazima, nikafungua, nikachomoa betri, nikasoma namba kwenye lebo yake na kuagiza yenye namba ile ile, volti zile zile 11.4, soketi ile ile. Sikuchukua "inayofanana nayo". Nikaifunga, kila skrubu kwenye tundu lake (ndefu na fupi zina sehemu zake, anayezichanganya anaweza kuitoboa bodi), nikachomeka chaja. Ikawaka. Asilimia 0. Imechomekwa, haichaji. Ukichomoa chaja inakata hapo hapo. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, asubuhi unaikuta na sifuri yake.

Hiyo ndiyo taarifa nzima ninayopewa na mashine inayofanya mabilioni ya mahesabu kwa sekunde. Kwamba imechomekwa naona, waya nimeuchomeka mimi. Kwamba haichaji naona pia, ile sifuri haijasogea. Ninachotaka ni sababu, na sababu hakuna pa kuisoma.

Na sababu zinaweza kuwa lukuki. Chaja haijatambuliwa. Chaja imetambuliwa lakini wati zake ni chache, zinaishia kuendesha mashine na hakuna kinachobaki cha kupeleka kwenye betri. Kuna kikomo kimewekwa kwenye setingi, kile cha kuishia asilimia 60 au 80 ili betri idumu. Soketi haijaingia mpaka mwisho. Betri ina joto au baridi kupita kiasi. Programu ya kiwanda imeamua kwamba betri hii si ya kwao. Volti za seli (vile vipande vya ndani ya betri vinavyotunza umeme) zimeshuka mno. Kwa yote hayo jibu ni lile lile. Daktari gani huyo ambaye kila mgonjwa anamwandikia "anaumwa" kisha anafunga faili?

Msiniambie mashine haijui. Betri ya laptopu si seli tupu. Ndani yake kuna chipu inayopima volti, mkondo na joto na kuhesabu mizunguko ya kuchaji, na kuna nyaya mbili za mazungumzo, moja ya data na nyingine ya mapigo ya saa. Mfumo huo wa mazungumzo unaitwa SMBus, Intel waliutoa mwaka 1995. Tangu enzi hizo betri inaweza kusema nina volti kadhaa, joto langu ni hili, nichajiwe kwa mkondo huu usiozidi huu. Anayeisikiliza ni kidhibiti kidogo kilichoko kwenye bodi, na ndicho kinachofungua au kufunga chaji, hata Windows ikiwa imezimwa. Kidhibiti hicho namba zote kinazo. Kinazisoma, kinaamua, kisha kinanyamaza.

Basi nikaanza kupapasa gizani.

Chaja kwanza. BIOS (ile programu ya kwenye bodi inayoamka kwanza ukiwasha mashine) inaitambua na kuandika wati zake, 65, sawa na mashine inavyotaka. Chaja nikaitoa kwenye washukiwa. Wenye chaja za USB-C angalieni sana hapo, kwa sababu chaja na mashine zisipoelewana, chaja inabaki kutoa volti 5, na laptopu nyingi kwa volti 5 hazichaji kitu. Kikomo cha chaji nacho kimezimwa, na hata kingekuwa kimewashwa kingezuia pale kwenye 80 kupanda juu, sio kwenye sifuri. Soketi nikaichomoa na kuirudisha: pini zimenyooka, hakuna iliyozama, hakuna iliyoungua.

Halafu ile ibada ya kureseti ambayo kila mtu anaihubiri. Chomoa chaja, chomoa betri, kandamiza kitufe cha kuwasha sekunde 30, rudisha kila kitu. Siikatai, huwa inasaidia: umeme uliobaki kwenye kapasita unaisha na kile kidhibiti kinaanza upya. Kwangu ilichofanya ni kupoteza saa. Mashine nyingi za sasa hazina ile betri ndogo ya duara ya kutunza saa, zinategemea betri kubwa, kwa hiyo ukiondoa vyote tarehe inarudi miaka ya nyuma na tovuti zinaanza kugoma kufunguka zikidai cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Asiyejua hapo atahangaika na intaneti wiki nzima akidhani ni tatizo lingine jipya.

Na mashine ikawa nzito ajabu. Kufungua faili la kawaida unangoja mpaka unasahau ulitaka nini. Nikaangalia mwendo wa prosesa, imekwama MHz 800, haipandi hata nifanye nini. Kumbe mashine ikikosa betri ya kuitegemea inaweza kuibana prosesa makusudi, kwa sababu kazi inapopanda ghafla betri ndiyo huziba pengo ambalo chaja peke yake isingeliweza. Ni sababu ya maana kabisa, wala sibishani nayo. Lakini imeandikwa wapi kwenye skrini? Hakuna. Nimeijua kwa kuchimba. Mwingine angekwenda kufomati, akapoteza vitu vyake, na mwendo ukabaki ule ule.

Sasa njooni kwa muuzaji wa betri.

Ushauri wake wa kwanza: sasisha BIOS. Sawa. Nikapakua faili la kiwandani, nikalifungua, likakataa: betri lazima iwe na chaji ya kutosha ndipo lisasishe, chaja peke yake halitaki. Yaani ili betri ichaji nisasishe BIOS, na ili nisasishe BIOS betri iwe imechaji. Nilipomweleza akaniambia nijaribu tena.

Ushauri wa pili: pima pini za betri kwa multimita, ukikuta 0 basi umeiunguza mwenyewe wakati wa kufunga, na mimi hapo simo. Nikapima, nikakuta 0, naye akafunga mjadala kwa furaha. Hapa ndipo damu ilinichemka. Betri nyingi za laptopu zikiwa nje ya mashine hazitoi umeme kwenye pini. Ndani kuna swichi za kielektroniki zinazobaki zimekata umeme mpaka pini fulani ya soketi iambiwe kwamba mashine ipo. Ni usalama, ili chuma kikigusa pini kwenye mfuko au kwenye boksi, moto usitokee. Betri nzima kabisa unaweza kuipima ukapata 0. Mtu anauza betri kila siku na hili halijui, au analijua na linamfaa. Chagueni wenyewe.

Huduma kwa wateja ya waliotengeneza laptopu sina mengi ya kusema juu yao. Waliuliza kama betri ni yao, nikasema hapana, wakanitakia siku njema.

Kwenye Windows kuna amri ambayo kila mwenye laptopu anatakiwa kuijua: powercfg /batteryreport. Inakutengenezea ripoti unayoifungulia kwenye kivinjari. Kwangu ilitoa jina la betri, mtengenezaji, uwezo wake wa kiwandani mWh 45,600 (miliwati-saa, kiasi cha umeme inachobeba), mizunguko 0. Hapo nikapata jambo la kwanza la maana: mazungumzo kati ya betri na bodi yapo. Nyaya za data ni nzima, soketi ni nzima, betri inajitambulisha vizuri tu. Kama mazungumzo yangekuwa yamekatika nisingeona jina wala uwezo. Na hesabu ya lebo inakubali, volti 11.4 mara Ah (ampea-saa) 4 ni Wh (wati-saa) 45.6, yaani zile zile mWh 45,600. (Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kununua. Wengine wanaandika mAh kubwa za kuvutia macho, ukizidisha na volti unakuta Wh ni zile zile au pungufu.)

Ila ripoti hiyo ina kila kitu isipokuwa volti za sasa hivi. Nani aliamua kuiacha namba muhimu kuliko zote?

Nikawasha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, nikasoma faili moja dogo: /sys/class/power_supply/BAT0/voltage_now. Likajibu 8112000. Hizo ni maikrovolti, kwa hiyo volti 8.1. Pembeni kuna faili la volti za kiwandani, voltage_min_design, linasema 11400000.

Gawanyeni kwa tatu, maana betri ya volti 11.4 ina seli tatu zilizopangwa mfululizo. Kila seli ina volti 2.7. Seli ya lithiamu ikijaa inafika 4.2 au zaidi kidogo, na ikifika karibu na 3 mashine huhesabu imeisha. Betri za lithiamu zinazosafirishwa kwa ndege peke yake, bila kifaa, tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, kwa hiyo betri mpya kukujia ikiwa na chaji kidogo ni kawaida. Lakini asilimia 30 bado ni zaidi ya volti 3.5 kwa seli. Kutoka hapo mpaka 2.7 haishuki kwa safari. Inashuka kwa kukaa stoo muda mrefu, chipu ya ndani ikinywa umeme tone kwa tone na hakuna mtu wa kuipa chaji ya kujikimu. Niliuziwa betri iliyozeeka kwenye boksi ikiwa na nailoni yake, na ile "mizunguko 0" ndiyo kiini macho chenyewe. Ni kweli haijatumika. Imeoza bila kutumika.

Kwa hiyo mashine ilikuwa sahihi kukataa, na hili nalisema waziwazi ili mtu asije kunigeuzia. Seli iliyoshuka sana si ya kuisukumia mkondo wa kawaida. Ikishuka zaidi ya hapo, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukija kuichaji hujitengenezea shoti humo humo ndani. Kuna watakaonishauri niipeleke "ikashtuliwe" kwa pawa ya nje, kuruka chipu yake. Siifanyi, na wewe usiifanye juu ya meza unayolalia karibu. Kuna watakaosema nirudishe ile ya zamani nione kama itachaji. Imevimba. Haiingii tena kwenye laptopu yoyote, inangoja kupelekwa panapopokelewa betri mbovu.

Hasira yangu iko kwenye kunyamaza. Namba ilikuwepo muda wote. Kidhibiti kiliiona volti 8.1, kikajua iko chini ya mstari wake, kikafunga chaji, na maneno yaliyofika kwenye skrini ni yale yale ya chaja mbovu na ya soketi iliyolegea. Mstari mmoja tu, "volti za betri ziko chini mno", ungenipeleka moja kwa moja kwa muuzaji siku ile ile nikiwa na ushahidi. Badala yake nimelala na kuamka na bisibisi.

Na kuna ubaya mkubwa kuliko usumbufu wangu. Baadhi ya viwanda vimewahi kuweka programu inayokataa betri isiyo yao hata kama ni nzima, na ukikataliwa hivyo skrini haikupi maelezo ya kueleweka. Sasa mimi mteja nitatofautishaje? Hii imekataliwa kwa ajili ya usalama wangu, au imekataliwa ili ninunue ya kwao? Umoja wa Ulaya wametunga kanuni namba 2023/1542: kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubeba zinatakiwa mtumiaji aweze kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe, na imekatazwa kutumia programu kuzuia betri mbadala inayolingana. Safi. Ila mashine inayokataa bila kusema sababu, huo uzuiaji utauthibitishaje?

Muuzaji nimemtumia picha ya ile 8112000 pamoja na hesabu. Amejibu kwamba namba za Linux hazihesabiki, na kwamba dhamana ilikufa nilipoifunga mwenyewe. Betri ambayo kwenye tangazo lake ameandika "rahisi kujifungia mwenyewe"! Nataka hela yangu, sitaki betri nyingine kutoka stoo hiyo hiyo.

Ninachoomba kwenu ni vitu viwili. Aliyewahi kurudishiwa hela kwa betri iliyofika imeshuka hivi, aseme alitumia hoja gani. Na mwenye laptopu ambayo BIOS yake inaonyesha volti za betri au sababu ya kutochaji, ataje modeli yake hapa, maana nikibadilisha mashine hiyo ndiyo nitakayoitafuta.