Kichwa cha habari cha mwanafunzi wangu kimemtia hasara mchuuzi wa dagaa Kibirizi, naombeni ushauri

Mwalimu_wa_Ijumaa

Habari za jioni wakubwa zangu na wenzangu. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Kigoma mjini na nalea klabu ya magazeti yenye wanafunzi 22. Kila Ijumaa mchana nawapa kichwa cha habari cha zamani, kilichochapwa gazetini wakati jambo lenyewe halikuwa kweli. Kazi yao ni kuandika: lingekuwa kweli, kesho yake huku kwetu kungekuwaje? Watoto ambao darasani wanajikongoja kujaza nusu ukurasa, Ijumaa wananiomba karatasi za ziada.

Mwezi uliopita niliwapa habari ya gazeti la New York Sun, Agosti 1835. Liliandika kwamba mwanaastronomia John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema na darubini kubwa, ameona mwezini watu wenye mabawa kama ya popo. Herschel alikuwa huko kweli na darubini yake, ila hayo ya popo yalitungwa mezani New York.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, baba yake mvuvi, akaandika kwamba wavuvi wa Kibirizi walipeleka ujumbe mwezini: mbalamwezi yenu inatuharibia kazi, dagaa hawazifuati taa zetu, tunaomba mshushe pazia. Wale watu-popo wakakubali, ila na wao waletewe dagaa wa kukaanga kila Ijumaa, tena wasiwe na mchanga. Kichwa chake kilikuwa na mistari miwili: WATU WA MWEZINI WASHUSHA PAZIA, na chini yake, UVUVI WA DAGAA KUENDELEA MWEZI MZIMA.

Nilifurahi mno. Nikaichapa kwa safu kama gazeti lenyewe nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Mwishoni kabisa niliandika kwa herufi ndogo kuwa ni hadithi. Mtu akapiga picha, akakata mstari wa juu, wa chini ukazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mama mmoja mchuuzi akadhani zimekuja taa mpya zinazoshinda mbalamwezi. Akapokea pesa ya mteja wa Tabora, akanunua magunia manne, akalipia nafasi kwenye gari. Mwezi ulipopevuka, mitumbwi ikalala ufukweni kama siku zote. Pesa ya mteja amerudisha, ya magunia na gari imemkalia yeye.

Alikuja shuleni. Hakupandisha sauti. Alifungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaweka kidole chini ya neno "kuendelea", akaniambia: "Mwalimu, mimi nimeishia darasa la nne. Hapa nilisoma neno kwa neno." Nilikosa jibu.

Nifunge klabu? Nimwombeje radhi? Na huyu msichana tangu siku hiyo hajashika kalamu.

FundiChapa_Tabora

Pole sana mwalimu. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka mingi hapa Tabora, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Tarehe 9 Novemba 1874 gazeti la New York Herald liliandika kwamba wanyama wa bustani ya Central Park wamevunja vizimba na wanaua watu mitaani. Watu wakajifungia ndani, wengine wakatoka na bunduki. Aya ya mwisho ilisema wazi kuwa yote ni ya kubuni, waandishi walitaka kuonyesha vile vizimba si imara. Nani angefika aya ya mwisho huku ameambiwa simba yuko mlangoni?

Sasa hilo Herald ndilo lililomtuma Stanley hadi hapo Ujiji kwenu, akamkuta Livingstone mwaka 1871. Habari ilipotoka mwaka uliofuata, wapo Uingereza waliosema Stanley ameghushi hata barua, mpaka familia ya Livingstone ikathibitisha mwandiko. Ya Ujiji ya kweli ikabishiwa, ya simba wa kutunga ikakimbiza watu.

Kwa hiyo usifunge. Umekosea mahali pa kuweka onyo, na mimi ningekosea vilevile. Neno HADITHI liingie ndani ya kichwa chenyewe, kila mstari, kwa herufi zilezile kubwa: HADITHI: UVUVI WA DAGAA KUENDELEA. Mwenye kukata akate, litabaki. Na uache kupanga safu kama gazeti, maana jicho la msomaji linaamini safu kabla halijasoma.

Dada_wa_Mwanga

Mlipe magunia na gari, mwalimu. Kama mshahara haujatoka, mpe nusu na tarehe ya nusu nyingine. Uende wewe Kibirizi, usimwite tena shuleni. Na huyo mtoto asibebeshwe kuomba radhi, aliyebandika ni wewe.

MzeeWaMeli

Nami naomba jambo moja, mwanangu. Aprili 1912 yapo magazeti yaliyoandika kwamba abiria wote wa Titanic wamesalimika, kumbe wamekufa zaidi ya 1,500. Hicho usiwape wakifanyie mzaha. Sisi ni watu wa ziwa, kila mtaa hapa una nyumba iliyosubiri mtu asirudi.

FundiChapa_Tabora

Mzee umesema. Mwalimu, wape ya Chicago Daily Tribune, 3 Novemba 1948: Dewey amemshinda Truman, kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani. Wapanga herufi walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kuliko kawaida, mhariri akaamini utabiri wa mwandishi wake. Truman aliyeshinda akalinyanyua mbele ya wapiga picha kituo cha treni St. Louis, anacheka. Hapo hakuna msiba.

Mwalimu_wa_Ijumaa

Shikamoo mzee, Titanic nimeitoa. Asanteni nyote.

Ya Dewey nimeshawapa. Kijana mmoja ameandika Dewey amefika Ikulu na gazeti mkononi, mlinzi akamwambia: "Hilo hata mwenye nyumba analo, tena ndiye aliyetuonyesha." Mwingine amerudi kwa wanyama wa Herald: sokwe wa Gombe wanaandika kukanusha kwamba wametoroka, wanasema wako kwao, na watu ndio wanaokuja kila siku na boti.

Jumamosi nilikwenda Kibirizi na pesa ya magunia na gari. Msichana aliomba mwenyewe kunifuata, mama yake akaruhusu. Yule mama alihesabu pesa, akaifunga kwenye pindo la khanga, kisha akataka kusikia habari nzima, toka mstari wa juu. Msichana akasoma amesimama kando ya chanja za dagaa. Alipofika kwenye watu-popo kukataa dagaa wenye mchanga, mama akacheka hadi akashika kiuno.

"Hao wanajua kula," akasema. "Lakini umeandika nusu, binti. Wasio na mchanga ni wa chanja. Andika wa chanja, wasije wakaletewa wa kuanikwa chini."

Msichana akaniomba kalamu.